Mbuzi wa Mafuriko

Kabla hamjampakia mbuzi hata mmoja kwenye lori, mfungueni ukope wa chini mtazame rangi ya ndani. Ukiwa mwekundu, mchukueni. Ukiwa mweupe, mbuzi huyo ana minyoo tele na atawafia njiani, halafu mtamlaumu dereva bure. Pembe zisiwashughulishe, wala manyoya yanayong'aa. Nimesikia nyinyi vijana mmeajiriwa kwenda kuwagawia mifugo watu walioharibiwa na mafuriko, na kwamba mmefundishwa darasani mambo mengi mazuri. Sikuja kuyapinga. Nataka tu kuwaeleza niliyoyaona nilipokuwa na umri kama wenu, msaidizi wa mifugo huku Mombasa bara, na hasa habari za mwanamke mmoja wa Mwakirunge ambaye nusura apoteze mji wake, yaani makao yake, kwa sababu ya mbuzi niliyemkabidhi mtu mwengine.

Mimi ni mtu wa Kisauni. Babangu alikuwa na duka la nafaka na alitaka nirithi mizani, mimi nikachagua ng'ombe. Mama alilia kana kwamba nimekwenda vitani. Wenzangu waliokuwa makarani bandarini waliniita Daktari wa Mbuzi, na nikipita barazani kwao walikuwa wakilia "meee" mpaka nipotee mtaani. Serikali ilikuwa ya mkoloni na mshahara ulikuwa wa kulia nao, lakini nilipewa baiskeli. Enzi hizo kijana mwenye baiskeli ya serikali alikuwa mtu mbele za watu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, mtu wa Mvita aliyehamia Changamwe, mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Siku ya kwanza alinikuta nikimpapasa mbuzi pembe, akamfunua ukope. Akaniambia, "Tizama mato, yakhe. Pembe haziugui." Alijua mengi, na mengine alijidanganya kuwa anayajua. Aliamini kuwa mbuzi anayeharisha huponywa kwa maji ya tumbaku. Nilijaribu mara moja, mbuzi akafa, na mwenye mbuzi akanifukuza na jembe mpaka nikaisahau baiskeli yangu uani kwake. Nilipomlalamikia Mzee Athumani alisema tumbaku ilikuwa mbaya.

Basi, miaka ile ya kuelekea Uhuru ulianza ukame. Ng'ombe walikonda wakafa, watu wakabaki na mbuzi na kuku. Halafu zikaja mvua ambazo wazee wetu walisema hawajapata kuziona. Kule Mwakirunge vijito vilivyokuwa vikivukwa na watoto vilifura vikachukua nyumba, mihogo na mabanda. Nawaambieni jambo ambalo halimo katika vitabu vyenu: mbuzi huogelea ukimwachia. Waliokufa wengi ni wale waliofungwa. Mume wa Mama Kadzo, mwanamke niliyewatajia, alirudi kuwafungua mbuzi wake na maji yakamchukua pamoja nao. Mwili wake ulipatikana bondeni, mkononi bado ameshika kisu cha kukatia kamba.

Maji yalipokauka ikaundwa kamati ya msaada. Walinunua mbuzi kutoka bara kavu, huko ndani, wakaletwa kwa gari la moshi hadi stesheni ya Changamwe. Mimi na Mzee Athumani tukapewa kazi ya kuwafikisha Kisauni na kuwagawa. Lori letu lilikufa karibu na daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, ikabidi tuwavushe mbuzi kwa miguu. Mbuzi wa bara hajapata kuona bahari, wala hajapata kukanyaga njia inayopumua chini ya kwato zake. Walifika katikati wakalala wote. Magari yakapanga foleni huku na huku, honi zikalia, na wenzangu makarani wakawa wanapita zao. Kumbe walikuwa wakimfuata beberu mmoja mkubwa mwenye ndevu, na yeye alikuwa ameogopa kuliko wote. Tulimbeba. Wengine wakasimama wakamfuata kama maharusi. Siku hizo kulitamka neno beberu ofisini kwetu ilikuwa hatari, kwa hiyo katika ripoti yangu nilimwita mbuzi dume.

Kosa letu kubwa lilikuwa haraka. Tuliwagawa wakiwa wamechoka, na wengi wakafa mwezi wa kwanza kwa kukohoa, kwa kupe na kwa ndorobo wa vichakani, vitu ambavyo miili yao haikuvizoea. Nyinyi msifanye hivyo. Watengeni kwanza, wale, walale, muone nani anakohoa. Wajengewe banda la kuinuliwa, lenye sakafu ya fito zilizoachana ili mavi yadondoke chini, maana pwani unyevu huozesha kwato. Majani ya muhogo mchungu yakatwe yanyauke kwanza ndipo walishwe. Yakiwa mabichi yanaua, na nimeshuhudia mbuzi akitoka kula akaanguka mlangoni. Ukipata mashudu ya nazi, ukiwapa kidogo kidogo, maziwa utayaona mwenyewe.

Waliobaki hai walizaa. Hapo ndipo yakaanza maajabu yangu.

Asubuhi moja mzee mmoja wa Mwakirunge alikuja ofisini kwetu Kisauni akivuja jasho. Baada ya salamu ndefu akaniambia amefiwa na dada yake, na alikuwa anataka kumchinja yule mbuzi niliyempa kwa ajili ya matanga, je, nasemaje? Nikamjibu kuwa mbuzi ni wake, afanye apendavyo, asinipotezee wakati. Uso ulimbadilika. Aliondoka bila kuaga.

Mzee Athumani aliyekuwa akisikiliza aliweka chini kikombe chake. "Yakhe, watu wamekuya kukupa heshima yako, nawe waitupa ndiani?"

Akanieleza. Desturi ya kijiji kile ni kuwa mtu akikupa mnyama, hamtupi tu mbele yako. Hukutia kamba mkononi, na tangu siku hiyo ninyi wawili mna jambo. Hutamchinja, hutamuuza wala hutamtoa mahari mpaka umwendee aliyekupa umwambie. Kwa kawaida atasema sawa. Lakini lazima aulizwe. Na mimi ndiye niliyetia kamba mikononi mwa watu siku ile ya kugawa. Kamati hawakuiona wala serikali hawakuiona. Waliniona mimi.

Basi nikawa tajiri wa mbuzi nisiowafuga. Nilialikwa harusini, nikaletewa habari za mapacha, nikaulizwa kama beberu fulani anafaa kwa mbuzi fulani. Mara nyingine nilikuwa nikila chakula cha mchana naitwa nje nikubali kitoweo cha mtu. Nilinung'unika, lakini nilijifunza kujibu vizuri: "Mchinje, na Mungu aibariki karamu yako." Na yule mzee wa matanga nilimfuata kwake nikamwomba radhi.

Sasa nije kwa Mama Kadzo. Agizo la ofisi lilikuwa kwamba kamba ikabidhiwe mwanamume wa mji. Wajane wapokelewe mbuzi wao na ndugu za waume zao. Kwa hiyo mbuzi wa Mama Kadzo nilimkabidhi shemeji yake, aitwaye Baya, pamoja na mbuzi wa Baya mwenyewe. Baya akamchukua yule mmoja akamfunga nyumbani kwa Mama Kadzo siku ile ile. Hakuna aliyeona neno.

Mbuzi wa Baya akafa. Wa Mama Kadzo akazaa mapacha, akazaa tena, na mabinti zake wakazaa. Yule mwanamke alikuwa na mkono wa kufuga. Banda lake ndilo nililokuwa nikiwapeleka watu kuliona. Alibadilisha dume kwa mbegu za mahindi, akapata wa kumsaidia kuinua nyumba upya, na mwanawe Kadzo hakukosa maziwa. Wajane wengine walikuwa wamerudi kwa kaka zao au wamerithiwa na mashemeji. Yeye alibaki penye kaburi la mumewe. Aliniambia siku moja akikamua, "Bwana Mifugo, mwanamke mwenye mbuzi ana mji. Asiye na mbuzi ana shemeji."

Haukupita muda akaja ofisini. Hakuketi.

"Nimekuja kukuuliza. Ni wewe uliyemwambia Baya awachukue mbuzi?"

"Mimi? Sijamwona Baya tangu mavuno."

"Asema ni wake. Asema kamba alipokea yeye. Mwanawe anaoa, na mahari ya mbuzi haijatimia." Akafunga leso yake upya kiunoni. "Ukiwa hukumwambia wewe, njoo useme."

Nilikwenda. Walikuwa wamekusanyika kwenye kibanda cha kukaushia nazi cha Mzee Ngumbao, mkubwa wa kijiji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikapewa kigoda. Baya alikuwa ameketi mkabala nami. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mtaratibu, naye mafuriko yalikuwa yamemmaliza kama yalivyowamaliza wenziwe.

"Swali letu ni moja tu," alisema Mzee Ngumbao. "Kamba uliitia mkononi mwa nani?"

"Mwa Baya. Lakini niliagizwa na ofisi, mzee. Mbuzi alikuwa wa Mama Kadzo, na kila mtu hapa anajua."

"Ofisi haikufika hapa. Ulifika wewe."

Baya akainua mkono. "Mimi si mwizi. Wangu alikufa kwa ugonjwa aliokuja nao. Kijana amefika umri wake. Nitakwenda kwa wakwe na nini, na maneno matupu?"

Mama Kadzo alikuwa ameketi na wanawake, nyuma. Akasema bila kusimama, "Na mimi nikiwa sina mbuzi, nitakula kwa nani?"

"Utakula kwangu," Baya akamjibu, tena kwa upole. "Nimekwambia tangu ndugu yangu alipofariki, mlango uko wazi."

"Ndilo hilo nisilolitaka."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Nilimtazama Mzee Ngumbao nikaona amekwisha kuamua, na kwamba uamuzi wenyewe haumpendezi. Kamba ni kamba. Nilihisi hasira, wallahi, hasira kwa ofisi na kwa mkono wangu mwenyewe. Ndipo nikauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria njiani.

"Mzee, na aliyetoa akimtaka mnyama wake arudi?"

Mzee Ngumbao akawatazama wenzake. "Akimtaka, atarudishiwa. Na watoto humfuata mama yao. Lakini hilo halifanywi. Aliyenyang'anywa kamba mbele za watu amevunjiwa heshima, na hana lazima ya kukusalimu tena maisha yake yote."

Kamati nayo ilikuwa na sheria yake: mnyama akishatolewa harudishwi. Nilijua vizuri kwamba hapo navunja amri ya huku na adabu ya kule kwa pamoja.

"Baya," nilimwambia, "namtaka mbuzi wangu."

Alisimama. Kisha akaondoka, akarudi akimvuta yule mbuzi jike wa kwanza, wale wengine wakimfuata nyuma. Akanitia kamba mkononi, akageuza uso. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikatembea hadi walipoketi wanawake.

"Mama Kadzo, mbuzi huyu nimekupa wewe. Na waliozaliwa, na watakaozaliwa."

Alisimama akaipokea kamba. Hakunishukuru. Aliwageukia watu akauliza kwa sauti kubwa, "Mmeona?"

"Tumeona," wakaitikia.

Alinisindikiza mpaka njiani. Nikamwambia kuanzia leo asijisumbue kuja Kisauni kuniuliza lolote. Nilidhani namfanyia wema, namwachia huru. Akanitazama kama mtu asiyejua kazi yake.

"Nitakuja, tena watu wanione nikija. Mbuzi asiye na mtu wa kuulizwa ni mbuzi wa kila mtu."

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kumweleza Bwana Mkubwa wa idara nilichofanya, kabla hajasikia kwa wengine. Alikasirika. Aliniambia sikuajiriwa kuamua kesi za watu, na kwamba ugawaji nimeushika kwa mara ya mwisho. Nikahamishwa Likoni kukagua nyama. Mzee Athumani alinicheka siku nzima, kisha akaninunulia soksi nzito za kuvaa machinjioni.

Nilikuwa nikifunga mizigo Mama Kadzo alipofika na mbuzi jike mchanga, wa kahawia, macho yake mekundu vizuri ndani ya kope. Akaninyooshea kamba.

"Siwezi, Mama Kadzo. Kazi yetu hairuhusu kupokea zawadi za watu."

"Kazi ya huku si umeshaachishwa? Shika."

Nikashika.

"Haya," akasema. "Sasa na wewe utakuwa ukiniuliza." Akaenda zake. Nilifikiri ananitania.

Yule mbuzi alikua nyuma ya nyumba yetu Likoni. Mwaka ule wa Uhuru mke wangu alijifungua binti, na ikatakiwa mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto. Mke wangu akasema mbuzi si yupo? Nikamwambia lazima kwanza niende Mwakirunge. Aliniuliza kama nimepigwa na jua: mbuzi wangu mwenyewe, nimwombe nani ruhusa? Nilivuka feri, nikapanda basi, nikamalizia kwa miguu, nikiyatunga njiani maneno mazuri ya kusema, ingawa nilikuwa na hakika nitaambiwa "mchinje" na kupewa maji ya kunywa.

Banda lilikuwa limeongezwa. Mtu mmoja alikuwa juu yake akibadilisha fito zilizooza, na alipogeuka nikaona ni Baya. Tangu siku ile ya kamba hatukuwa tumesemezana. Nilisimama nisijue nishike njia ipi. Yeye ndiye aliyeanza kunisalimu, akauliza habari za Likoni na za nyumbani. Moyo wangu ukatulia.

Mama Kadzo akatoka na kiti. Nikampa habari za mtoto, akafurahi, akanipigia kigelegele kimoja mimi peke yangu. Kisha nikaeleza haja yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Amepandwa huyo?"

"Nadhani. Kuna beberu wa jirani."

"Basi ana mimba. La."

Nilifikiri sikusikia. "Ni akika ya mtoto, Mama Kadzo."

"Nimesikia, na Mulungu amkuze. Nunua mwengine. Huyo nilikupa ufuge, sikukupa ule." Akaingia ndani kunitafutia mayai ya kumpelekea mzazi.

Nilibaki kitini. Mimi ndiye niliyemtia kamba mkononi, na nimetoka Likoni na viatu vya sikukuu, na nimekataliwa. Halafu ikanijia furaha ambayo sijui niiitaje, furaha nisiyoipata hata siku ile ya kibanda cha nazi.

Baya alikuwa ameacha kazi akinitazama. Akashuka kutoka bandani, akajifuta mikono.

"Usione vibaya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kijana wangu alioa. Mbuzi wa mahari waliopungua alinipa yeye, na mmoja wa kuanzia. Kamba alinitia mwenyewe, mbele za watu wote."

"Huyo wa kuanzia yuko wapi?"

"Yupo. Juzi nilitaka kumuuza." Akatazama mlangoni kuhakikisha hatusikiki. "Nami kanikataza."

Tulicheka mpaka Mama Kadzo akatoka kuuliza tunacheka nini. Hatukumwambia. Nilichukua mayai yangu nikaaga, na Baya akanisindikiza kwenda kutafuta mbuzi wa kununua.